Hapa Hapapigwi Picha

Tarehe 7 Julai 2010, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu ambayo wanasheria wa wakimbizi hawajaacha kuitaja mpaka leo. Wanaume wawili, mmoja wa Iran na mwingine wa Cameroon, walikuwa wameomba hifadhi kwa sababu wanapenda wanaume wenzao. Huko chini walikopita walikuwa wameambiwa jambo ambalo kila Mswahili atalielewa upesi: rudini kwenu, jisitirini, mambo yenu yafanyeni kimyakimya, hamtapatwa na neno. Majaji watano wakasema hapana. Mtu hawezi kurudishwa akaishi amejificha maisha yake yote kwa kuogopa kufungwa au kuuawa, halafu ikahesabiwa kwamba yuko salama.

Mmoja wa majaji hao, Lord Rodger, alitafuta mfano wa uhuru aliokuwa akiuzungumzia. Akasema kwamba kama vile wanaume wengine walivyo huru kucheza raga, kunywa bia na kupiga soga za wasichana, basi mashoga nao wawe huru kwenda kwenye matamasha ya Kylie, kunywa vinywaji vya rangirangi na kupiga soga za wavulana na marafiki zao wa kike. Alikiri mwenyewe kwamba ni mifano ya mazoea tu. Sina ugomvi naye. Nia yake ilikuwa njema na hukumu ile imeokoa watu.

Ila rafiki yangu hampendi Kylie. Simtaji jina kwa kuwa ombi lake bado halijajibiwa. Vinywaji vya rangirangi havimhusu, maana pombe hagusi, na raga ndiyo haijui kabisa. Anachopenda ni gitaa linalonguruma kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe, dramu za kasi, na mtu anayepiga mayowe badala ya kuimba. Alizaliwa Tanga, akakulia Dar es Salaam, na muziki wa panki aliukuta kwa jamaa mmoja wa mtaani aliyekuwa akiuza nyimbo kwa kuzihamisha kwenye memori kadi. Zile za panki, anasema, jamaa alimpa kama nyongeza, kwa kuwa hakuna mteja aliyezitaka.

"Shoga yangu, Ijumaa hii una kazi?" aliniuliza kwenye simu. "Kuna shoo. Bendi tatu, maonyesho, halafu ni kucheza mpaka tuchoke. Wenye kungoja hifadhi hawalipi."

Msomaji wa bara huenda neno la kwanza hapo limemkwaza, kwa hiyo nisimame kidogo. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu shoga ni rafiki wa mwanamke, mwanamke mwenziwe, yule wa kuazimana nguo na kutunziana siri. Mama yangu ana mashoga zake wa tangu utotoni na akiwataja hakuna anayegeuka. Neno hilohilo likishushwa kwa mwanaume linakuwa tusi la kumtoa mtu meno. Rafiki yangu analitumia kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja, na hufurahi sana akiniona nimebabaika. Kiingereza kimepita njia hiyo na neno "queer". Lilikuwa tusi, na kwenye miaka ya 1980 na 1990 waliokuwa wakitukanwa nalo wakaliokota, wakalifuta vumbi, wakajiita wenyewe. Humu nitaliandika kwia, kwa herufi zetu. "Wapenzi wa jinsia moja", ambalo sisi waandishi wa habari tunalipenda, lina harufu ya taarifa ya saa moja, na tena linawaacha nje wengi waliokuwamo ukumbini usiku ule, ambao swali lao si wanampenda nani bali wao wenyewe ni nani.

Hata panki si neno safi. Enzi za Shakespeare lilimaanisha kahaba, na yeye mwenyewe alilitumia hivyo. Baadaye, katika magereza ya Marekani, likawa jina la kijana anayefanywa mke na wafungwa wenye nguvu. Vijana wa magitaa wa miaka ya 1970 walilipokea likiwa na madoa yake yote. Kwa hiyo anayeshangaa panki na kwia vimekutana wapi, ajue yalikuwa maneno ya nyumba moja toka zamani. Rafiki yangu ana maelezo yake. Anasema kwao panki ulikuwa mtindo wa kunyoa, na kule Mwanza mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. "Basi ndiyo sisi hao," akaniambia. "Mapanki yaliyopanda ndege kufuata minofu."

Ukumbi wenyewe ulikuwa kusini mwa London, chini ya reli. Treni ikipita, taa zinatikisika. Mlangoni walikaa watu wawili nyuma ya meza ya plastiki, na juu ya meza mlikuwa na mhuri, bakuli la vizibo vya masikio na ndoo. Kiingilio ni pauni 5 hadi 15, unalipa unachoweza, na usiyeweza unapita. Kwa anayeishi kwa posho ya pauni 49 na senti zake kwa wiki, na asiyeruhusiwa kufanya kazi, hilo si jambo la adabu tu. Ni ama aingie ama asimame nje na baridi. Mbele ya meza palibandikwa karatasi ya masharti, imeandikwa kwa kalamu nene. Usimguse mtu bila idhini yake. Mrefu asimzibe mfupi. Mtu akianguka, muinue. Na mstari wa mwisho, umepigiwa mistari miwili chini: hapa hapapigwi picha.

Rafiki yangu aliusoma mstari ule akacheka kicheko kibaya. "Basi nimekuja bure."

Kicheko kile kina maelezo. Wakili wake alikuwa amemwambia akusanye ushahidi. Ukiomba hifadhi kwa sababu ya dini, unaweza kuulizwa habari za dini yako. Ukiomba kwa sababu ya siasa, kuna kadi ya chama, kuna mikutano. Lakini mtu anathibitishaje moyo wake? Miaka ya nyuma waombaji katika nchi za Ulaya walifikia kuleta video za faraghani, mpaka tarehe 2 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema ushahidi wa namna hiyo usipokelewe, kwani unavunja utu. Vizuri sana. Kinachobaki ni barua za mashahidi, jumbe za simu, na picha za furaha: wewe kwenye maandamano ya Pride, wewe baa na wenzako, wewe umemkumbatia mtu na nyote mnacheka. Watu waliotumia ujana wao wote kuhakikisha haipo hata picha moja, sasa wanaambiwa walete albamu. Nimemwona akijipiga picha kwenye maandamano, bendera begani, uso umekakamaa kama wa pasipoti. Kwao Tanzania kifungo ni miaka 30 hadi maisha. Kwetu Kenya sheria inataja miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta. Sheria zote mbili zina asili ya Waingereza hawahawa, lakini hilo wasomaji wa blogu hii mnalijua, silirefushi.

Mimi sharti lile halikunishangaza hata kidogo. Nimekua nalo. Msichana yeyote wa Mombasa aliyekwenda harusi ya wanawake, ule usiku wa kupamba, analijua: mlangoni anakaa mama mmoja mwenye macho makali, anapokea simu, anazitia mfukoni, anakupa namba. Ndani mabuibui yanavuliwa na kila mtu anakuwa mwingine. Mwalimu wako wa madrasa kavaa gauni la mgongo wazi. Jirani asiyesikika sauti anacheza chakacha mpaka watu wanampa nafasi. Hakuna picha, na ndiyo maana watu wanacheza vile. Katika harusi za utoto wangu alikuwapo mwanaume mmoja tu aliyeruhusiwa kuingia, alipiga tari na kuimba kushinda wote, na akina mama walimpenda na kumcheka kwa kipimo kilekile. Walimwita jina lilelile waliloitana wao kwa wao. Hakuna aliyenieleza maana yake, wala sikuuliza.

Kwa hiyo nilitoa simu yangu, nikabandikiwa kikaratasi chekundu juu ya kamera, nikahisi niko nyumbani kuliko nilivyojisikia mahali popote London. Daftari langu la kazi waliniachia. Niliuliza, wakasema andika utakavyo, ila usitaje sura wala majina.

Bendi ya kwanza walikuwa wasichana watatu, wote weusi, mpiga dramu kasimama badala ya kuketi. Nyimbo zao hazikuzidi dakika mbili. Kati ya wimbo na wimbo muimbaji alieleza kwa sauti ya upole kabisa, kama karani wa benki, wimbo unaofuata unamhusu nani, mara moja akarudi kwenye mayowe. Nilikuwa nimezoea kudhani panki ni mali ya vijana wa kizungu wenye pini mashavuni, na naona wengi Afrika Mashariki tumefundishwa hivyo na picha za kadi za posta. Lakini mmoja wa sauti kubwa za mwaka 1977 alikuwa Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marianne Elliott-Said. Hilo Said ni la baba yake, Msomali. Msichana mwenye vyuma vya meno, baba yake katoka pwani ileile tunayoishiriki, ndiye aliyesimama mbele ya umma wa London akapiga ukelele dhidi ya pingu za kila namna. Na siku hizi wako Big Joanie, wanawake weusi walioanza mwaka 2013, na tangu 2017 kuna Decolonise Fest, tamasha la wapanki wasio wazungu, papa hapa London. Nikimweleza Mzungu kwamba natoka pwani ya Waswahili hunitajia Freddie Mercury, naye kweli alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 1946. Siku moja natamani mtu anitajie Poly Styrene.

Bendi ya pili walinichosha. Ngoma zilikuwa nzuri ila muimbaji alihutubia sana, na hotuba zake alikuwa akiwahutubia watu waliokwishakubaliana naye kabla hajafungua mdomo. Nilitoka kwenda kununua soda.

Kwenye foleni ya soda kulikuwa na meza ya vijarida vya fotokopi, vile vya kukunjwa na kupigwa pini katikati, na hapa ndipo mwandishi aliyemo ndani yangu aliamka. Maana jambo hili lote, kwia na panki kuwekwa jukwaa moja, lilianza na kijarida cha namna hiyo. Mwaka 1985, Toronto, G.B. Jones, mwanamuziki wa bendi ya Fifth Column, na Bruce LaBruce, mtengenezaji wa filamu, walitoa kijarida kilichoitwa J.D.s. Walikuwa wamechoshwa na pande mbili. Baa za mashoga zilikuwa na sare zao na muziki wao, na asiyefanana nao hakutakiwa. Wapanki nao, ambao zamani walikuwa kimbilio la kila mtu wa ajabu, walikuwa wameanza kuwachukia mashoga kama watu wa kawaida tu. Basi wale wawili wakaandika kana kwamba Toronto kuna jeshi zima la vijana walio kwia na panki kwa pamoja, wana klabu zao, wana bendi zao, wana visa vyao. Hakukuwa na jeshi. Walikuwa marafiki wachache, mkasi, gundi na mashine ya fotokopi. Lakini msomaji wa mji wa mbali hakujua. Aliamini, akaona haya kuachwa nyuma, akaanzisha lake. San Francisco kikatokea kijarida cha Homocore mwaka 1988. Zikaja bendi: Pansy Division mwaka 1991, Tribe 8, Team Dresch. Mwaka 1994 Pansy Division walikuwa wakifungua jukwaa kwa ajili ya Green Day mbele ya maelfu ya matineja ambao hawakuwa wamejiandaa hata kidogo. Yony Leyser aliyasimulia haya katika filamu yake ya mwaka 2017, na walioanzisha wanasema wazi humo kwamba walitunga.

Sisi tunaosoma hadithi tunaijua hila hii, ila ni nadra kuiona ikifanya kazi mchana kweupe hivi. Mtu anaandika mahali ambapo hapapo, wasomaji wanahamia.

Nilikumbuka Kenya ya mwaka 2014. Januari, Binyavanga Wainaina aliichapisha insha aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu, akimweleza mama yake, aliyekwisha kufariki, kwamba yeye ni shoga. Septemba, kundi la NEST la Nairobi likaonyesha filamu ya Stories of Our Lives, iliyojengwa juu ya masimulizi ya watu halisi, na ilionyeshwa kwanza wapi? Toronto hukohuko. Walioitengeneza walikuwa wameficha majina, kisha watatu wakajitokeza. Oktoba bodi ya filamu ikaipiga marufuku nyumbani. Wakati ule nilikuwa mwandishi mchanga kwenye chumba cha habari, na mjadala wetu wote ulikuwa kama tuchapishe picha zao.

Tukaja kwenye maonyesho. La kwanza, mtu mmoja mwenye mwili mkubwa na kichwa kilichonyolewa alipanda na meza ya kupigia pasi. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa chini ya meza hiyo kwa gundi. Akatoa shati jeupe la kiume, la mtindo wa zamani, akaanza kulipiga pasi polepole, na kila pasi ilipopita spika zilitoa mngurumo kama wa bahari usiku. Mara mvuke, mara mngurumo. Kola, mabega, mikono, vifungo. Dakika nane hivi, bila neno. Mwisho akalivaa likiwa bado la moto, likamkaa sawasawa, akafunga kifungo cha shingoni, akashuka. Hakueleza ni shati la nani. Karibu yangu binti mmoja alikuwa analia na mwenzake akimpepea kwa kijarida.

Lililofuata lilikuwa la shairi lililosomwa kupitia honi ya polisi, refu, la mwezi na damu. Naliruka.

Kisha akapanda mzee. Nasema mzee kwa heshima: mtu wa miaka sabini na kitu, kavaa gauni la bluu la kumeta, wigi la kimanjano lililopanda juu kama keki, na mikononi glavu za manjano za kuoshea vyombo. Alipozionyesha tu, watu wa umri wake waliokaa nyuma kwenye viti walipasuka kwa kicheko. Vijana walitazamana. Akafuata muziki wa kaseti kwa midomo tu, mapenzi ya kuachwa, na kila beti akiwakagua watu wa mbele kwa ncha ya kidole cha glavu, kama anayeogopa kuambukizwa. Jirani yangu wa kiti alinieleza. Januari 1987 polisi waliivamia baa ya Royal Vauxhall Tavern, si mbali na pale, wakiwa wamevaa glavu za mpira. Ulikuwa wakati wa UKIMWI, na waliogopa kuwagusa waliokuwamo. Jukwaani usiku ule alikuwapo Lily Savage, yaani Paul O'Grady akiwa amevaa kike, naye akabebwa pamoja na wengine. Mwaka 2015 serikali iliiandikisha baa hiyo kuwa jengo la kuhifadhiwa kwa sababu ya historia yake ya kwia, la kwanza nchini. Wakati huohuo mabaa mengine yalikuwa yanafungwa: watafiti wa chuo kikuu cha UCL walihesabu kumbi 121 za namna hiyo London mwaka 2006, na mwaka 2017 zilibaki 51. Kodi, majumba ya kifahari, simu za kutafutia wapenzi. Kila mtu ana mchawi wake.

Yule mzee alipomaliza alizivua glavu, kidole kimoja kimoja, akazitupa kwa watu. Rafiki yangu alidaka moja. Sikujua kama alikuwa ameelewa kisa, nikamweleza kwa Kiswahili sikioni, akanyamaza. Kisha akaivaa.

"Kwa hiyo hata hawa," alisema, "walikuwa wanakamatwa."

"Juzi tu. Mimi na wewe hatujazaliwa."

"Na yule babu alikuwamo?"

Sikujua. Alikwenda mwenyewe kumuuliza. Niliwaona kwa mbali wamesimama karibu na choo, mzee kavua wigi kalishika kama kuku, rafiki yangu kainama kumsikiliza kwa sababu ya kelele, mkono mmoja una glavu ya manjano. Walikaa hivyo muda mrefu. Ingekuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kumpelekea wakili.

Bendi ya tatu ilikuwa ya kasi mno na sikumbuki chochote isipokuwa jasho. Mbele ya jukwaa watu walikuwa wakirukiana na kugongana, na lile sharti la karatasini lilishikwa kweli: alianguka mmoja, mikono sita ikashuka. Nimeona misongamano ya kisiasa Mombasa, nimefanya kazi humo, na najua umati unavyonuka ukiwa na hasira. Huu haukunuka hivyo.

Baada ya saa sita vyombo viliondolewa akaingia DJ. Alianza na muziki wa kawaida wa klabu, wa kupumzikia. Halafu, bila kuonya, akabadilisha. Kwanza nilidhani mashine imeharibika, imekimbia. Kisha nikasikia kinanda kile cha kuliza, makofi yale, na sauti ya kijana wa Kiswahili anayemwaga maneno kama karanga kwenye sinia. Singeli! Muziki wa Tandale na Manzese, wa vigodoro, wa spika zilizofungwa juu ya bajaji, chini ya reli ya London. Kwa wanaofuatilia si ajabu tena; tangu mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Dar es Salaam, madijei wa Ulaya wamekuwa wakiupiga. Una mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kasi ileile ya panki iliyo kali, na ulitengenezwa kwa njia ileile: kompyuta ya kuazima, programu isiyolipiwa, na vijana ambao hakuna redio iliyokuwa inawataka. Pale ukumbini haukuonekana mgeni hata kidogo. Wenye buti nzito walikuwa wanaruka nao kana kwamba ni bendi ya nne.

Rafiki yangu alisimama katikati ameganda. Nikaona midomo yake inafuata maneno. Halafu akacheza. Sijui nieleze vipi. Mwili wake ulikuwa wa Dar na wa pale kwa pamoja, magoti chini, kiuno kinafanya kazi yake, glavu juu. Watu walifungua duara. Akacheza vile kiuno kinavyochezwa kwenye usiku wa kupamba, vile mwanaume akichezeshwa hivyo kwetu anaulizwa maswali, na hakuwa akitazama mlango. Kwa miaka mitatu niliyomjua, kila mahali tulipokaa alichagua kiti kinachotazama mlango. Alikuwa anapiga kelele kitu, nikasogea nisikie. Alikuwa anawatafsiria Wazungu matusi ya wimbo, kwa Kiingereza chake cha haraka, na wao wanaitikia.

Sina picha. Mfukoni nilikuwa na simu yenye kikaratasi chekundu na sikukibandua, na hakuna mtu mle ndani aliyebandua.

Jumatatu yake niliandika barua. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka kumi na moja na sijawahi kupata kazi ngumu kama ile: kurasa mbili za Kiingereza, za kiapo, kusema ninamfahamu fulani na nimeyaona haya kwa macho yangu. Nilitaja tarehe, mtaa, saa. Nilieleza shati, glavu, mazungumzo ya pale chooni ambayo niliyaona na sikuyasikia. Nilieleza singeli ni nini na kwa nini mtu wa Dar akiisikia anaganda kwanza. Nilieleza kile kiti kinachotazama mlango. Waandaaji wa shoo nao, bila kuombwa mara mbili, walitoa barua yao, na yule mzee akatoa yake kwa mwandiko wa mkono, wino wa bluu, kurasa nne. Hiyo sijaisoma. Rafiki yangu anasema hainihusu.

Wakili alinirudishia rasimu baada ya siku tatu. Alikuwa ameikata aya ya singeli yote na ile ya kiti, kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika maswali: ni mara ngapi amehudhuria? Ana mwenza? Unamjua mwenza wake kwa jina? Ni mwanasheria mzuri na ana kesi nyingi, na nilijua anajua kinachosomwa na kisichosomwa. Nilijibu maswali yake matatu kwa mistari mitatu. Aya ya singeli nikaitoa. Ile ya kiti nikamwomba aiache, tukabishana kwa simu kama dakika ishirini, akaiacha.

Barua ilikwenda Alhamisi. Mpaka naandika haya jibu halijaja. Shoo inayofuata ni ya mwezi ujao, ukumbi uleule kama haujafungwa, na amenitumia ujumbe kunikumbusha nije na vizibo vyangu mwenyewe, kwa sababu vile vya bure, ati, ni vya watalii.